Fundi wa Matimba

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako anavuna mpunga peke yake. Mimi nimekaa tu, miguu imevimba.

Umeuliza kwa nini dawa ya kuzuia saratani yangu isiote mishipa ya damu inaharibu hata mishipa yangu ya zamani.

Ujanani, huku Geita, duara letu, yaani shimo letu la kuchimbia, lilipofika kwenye mwamba wa dhahabu, mwenye shimo alimfukuza fundi wa matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta. "Shimo limekwisha, anajenga nini tena?" Kabla mvua hazijakatika, kuta ziliporomoka. Kaka yangu Masanja bado yumo humo.

Daktari anasema kichocheo kinachokuza mishipa ndicho kinachoitunza ikishakua, na dawa imekizima. Kesho wanaisimamisha. Mishipa yangu itarudishiwa fundi wake. Saratani nayo itarudishiwa wake.

Babu yako