Soli ya Misumari Mitatu

Ndugu yangu, uko wapi?? Usipige simu, soma tu.

Ile picha ya alama ya kiatu, kule shambani walikouawa mama na wanawe. Wajuaji wa mtandaoni wanabishana tangu asubuhi, mara buti la jeshi, mara kiatu cha mgeni.

Nikacheka. Nikaikuza. Misumari mitatu kisiginoni, upande wa nje.

MITATU! Hiyo ni kazi yangu. Ni mteja wangu mmoja tu ambaye kisigino chake huliwa upande huo.

Na mimi na kiherehere changu, nikaandika palepale, kwa jina langu: "Hiyo soli nimeipigilia mimi."

Nimefuta baada ya dakika tano. Dakika tano nzima!

Mteja mwenyewe ni yule shemeji wa marehemu, aliyelia kwenye video akidai haki.

Sasa hivi kaingia kibandani. Kavua viatu. "Fundi, bandua soli zote, uzichome. Weka mpya." Kwa upole kabisa.

Nikamwambia gundi imeisha. Akasema, "Nitasubiri."

Kaketi mlangoni, peku, ananitazama nikiandika.

Kaniuliza namwandikia nani.

Ulimi hauna mfupa. Nimekutaja. Funga mlango.