Vidonge vya Kaka

Shoga, nimetoka hospitali na kaka sasa hivi. Siamini.

Unajua tangu virusi vimshike uti wa mgongo mkojo unamtoka bila habari. Miezi minane amemeza vidonge vya utafiti, hakuruka hata siku moja. Leo daktari anamwambia, "Vyako havikuwa na dawa. Ulikuwa kwenye kundi la kulinganishia."

Havikuwa na dawa, shoga! Karatasi ya kukubali hayo alisaini, sawa, lakini miezi minane!

Kaka akauliza taratibu, "Na wenzangu waliopewa dawa yenyewe?"

"Nao hawakupata nafuu. Tumeufunga utafiti."

Nikaanza kufoka. Kaka akanishika mkono. "Mwache, mdogo wangu. Nitazame nyuma, nimelowa?"

Alikuwa amelowa chapachapa. Nikasema hapana, nikatembea nyuma yake, nimemganda, mpaka nje.