Mbaruti Kitini

Ngome ya Harrowdene, 9 Oktoba 1986

Mama mpendwa,
Miguu inaendeleaje? Mimi mzima, mafua tu. Unauliza nakuja lini Grimsby. Wageni bado wanamiminika, Mama. Ngome ikifungwa mwisho wa mwezi, nitakuja. Vumilia kidogo.
Kwenye chumba ulichokuwa unakilinda zamani, kile cha mnarani, watu wanakalia kiti cha kale cha Bi Alys. Nimekiwekea ua kavu la mbaruti, kama viti vingine, liwachome kidogo. Kila asubuhi nalikuta dirishani. Kuna mtu ananichezea.
Mwanao, Rosalind

Grimsby, 13 Oktoba

Ros wangu,
Miguu imegoma, kifua kinakoroma kama birika, lakini chai nakunywa. Usimwekee miiba mwenye kiti. Karne zile ngome ilipozingirwa na maadui, mama yake Alys aliugua kijijini, chini tu ya kilima. Alys akasema, "Lango likifunguliwa nitakwenda." Lilipofunguliwa, mama alikuwa ameshazikwa. Tangu hapo, hata baada ya kufa, anakaa pale, anatazama kijiji. Mimi nilikuwa namsalimu kila asubuhi.
Mama yako

Harrowdene, 20 Oktoba

Mama,
Kifua vipi? Na wewe mkorofi. Ungesema unakuja jana ningekuokea keki. Nimeingia mnarani nikakukuta umekaa na koti lako la buluu, juu ya mbaruti, wala hushtuki. Nikakutania, "Wageni hawakai hapo, mama." Ukaendelea kutazama nje tu. Nimerudi na chai, hupo. Umeninunia? Sijatulia tangu jana.
Mwanao

Grimsby, 22 Oktoba

Ros,
Salamu baadaye. Sikuja. Wiki nzima sijatoka kitandani, hata hii ananiandikia jirani.
Huyo ni Alys, huja na sura ya mtu unayemwambia asubiri. Mimi alinijia na sura ya bibi yako. Nikaondoka siku ile ile, nikamkuta bado ananijua. Mzee Pugh wa bustanini alimwona kaka yake, akasema msimu uishe kwanza. Asubuhi moja akakuta kiti kitupu, mbaruti mahali pake. Hakumuwahi kaka yake akiwa hai.
Sikutishi, mwanangu. Nataka nikuone.
Mama

Ndani ya treni, 24 Oktoba

Mama,
Hii nitakupa mkononi mwenyewe, tucheke. Msimamizi amefoka, nimemwachia funguo zake.
Koti langu lilikuwa mnarani, nyuma ya mlango. Nimelichukua kwa kupapasa, macho nimefumba. Kiti sikukitazama, Mama.
Nakuja.
Ros