Chai Uliyomtumia Scholastika

Rhotia, Karatu
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Laurencia,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, shemeji na watoto mnaendelea vizuri huko Mtwara, na kwamba homa ya yule mdogo imeshatulia. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti yananisumbua kama kila mwaka ukungu ukishuka kutoka msituni. Mama yetu anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi. Mahindi yamekauka shambani, tunangoja kuvuna. Siyo mengi, lakini hatulalamiki.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu zipo. Nimekupigia, tena siyo mara moja. Kila nikitaja ile chai unacheka, unanikatiza, unasema mtandao unasumbua. Kisha ndugu yetu Scholastika ananiambia eti umemwambia mimi nina wivu. Karatasi huwezi kuikatiza, ndiyo maana nimekaa mezani na kalamu.

Nilipoliona lile boksi mara ya kwanza machale yalinicheza. Lina picha ya msichana mwenye kiuno cha nyigu, na pembeni mmebandika kikaratasi cha Kiswahili: inaamsha umetaboli, inachoma mafuta, inatoa sumu, kilo zinashuka hata ukiwa umelala. Nililigeuza juu chini nikitafuta kiwanda kiko wapi. Sikukiona. Hata kiberiti kinaandikwa kimetengenezwa wapi. Sasa mtu aliyegundua dawa ya unene wa dunia nzima anaogopa nini kuandika jina lake? Nikafungua, nikanusa. Majani makavu, kama ya kulisha sungura.

Simlaumu Scholastika kwa kuitaka. Wewe hukuwepo siku walipoleta kishika uchumba cha binti yake Sofia, kwa hiyo nakueleza. Wakwe ni wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, watu wazuri tu, ila mjomba wao mmoja ana mdomo. Alimkuta Scholastika amesimama mlangoni akasema nyumba hii haihitaji mlango, yuko mama. Watu walicheka. Scholastika naye alicheka, lakini mimi nimemlea yule, nilimwona jinsi alivyoingia ndani akakaa huko mpaka wageni wakaondoka. Tangu hapo anataka kitu kimoja tu: siku ya kumuaga Sofia aingie ukumbini akicheza, nguo imemkaa, na yule mjomba awepo.

Na huku kwetu siku hizi kila mtu ni profesa wa umetaboli. Ukienda saluni utaambiwa maji baridi yanagandisha mafuta tumboni kama samli kwenye sahani. Utaambiwa ukila jua likishazama umetaboli umeshalala, chakula chote kinageuka kitambi. Utaambiwa wembamba wamezaliwa na moto mkubwa tumboni na sisi wa ukoo wetu tulipewa makaa. Eunike, mwenzetu wa kwaya, anaapa kwamba chai yako inauchochea huo moto. Nikaenda kumuuliza nesi wa zahanati. Yeye akasema mwili unachoma chakula muda wote, hata ukilala, kila mtu kwa kiasi chake. Chai huenda ikaongeza kidogo sana, hata mizani haitaona, na zile zinazokukimbiza chooni zinakupunguzia maji tu, ukinywa yanarudi. Hata yeye sikumwamini moja kwa moja. Nikamwomba Scholastika anigawie maboksi mawili, mimi na Eunike tukanywa tuone wenyewe. Mimi niko vile vile. Eunike zipu ya sketi ya kwaya imegoma kabisa.

Lakini Scholastika alikuwa anapungua, tena kwa kasi. Mashavu yameingia ndani, pete ya ndoa inachomoka yenyewe akifua. Fundi ameipunguza ile nguo, akaipunguza tena, na kila mtu anaisifia chai ya Laurencia. Nikasema hapa pana kitu. Kwanza nilishuku anajinyima kula. Halafu nikamshuku shemeji Hilary kwamba anamtesa, maana mwanamke akikonda huku unajua wanavyoanza kumwangalia mume wake. Mwisho nikakushuku wewe, kwamba umemtia kitu. Ndiyo, nilifika huko, na sikuombi radhi. Ila maboksi tuliyokunywa sisi yalitoka mfuko mmoja na yake.

Basi asubuhi moja nikaenda kwake bila kumwambia, nikakaa jikoni kwenye kigoda nikamwangalia. Alimimina maziwa kwenye sufuria, maziwa matupu, akatia vifuko vyako viwili na tangawizi, akaacha vichemke. Kisha akachukua sukari kwa kile kijiko cha kupakulia mboga. Nikamwambia mbona kwenye boksi wameandika maji ya moto tu, bila kitu. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

"Chai bila maziwa wala sukari hayo si maji ya kuoshea vikombe, dada? Nani anakunywa hivyo?"

Nilicheka sana, kwa sababu mimi na Eunike tulikuwa tumeipika hivyo hivyo. Laurencia, wewe ni wa huku, ulitegemea tungeipika vipi? Akajaza chupa, akakaa, akala viazi na maandazi, hakujinyima hata kidogo. Chupa ikaisha. Akainuka akachota maji kwenye ndoo, akanywa kata nzima, akachota nyingine. Akatoka kwenda chooni. Aliporudi akaenda moja kwa moja kwenye ndoo. Hapo kicheko kiliniisha.

Hebu fikiri na wewe. Maziwa yale na sukari ile haviwezi kumpunguza mtu. Anakula anashiba. Sasa mwili wake unakwenda wapi?

Nilipomuuliza habari ya maji alinijibu kwa furaha kabisa. Anasema wewe umemwambia mafuta yanayeyuka na kutoka kwa mkojo, na kiu ni dalili kwamba dawa imefika. Kwenye kikao cha kamati ya sherehe anatoka kila mara, na akina mama wanaitikia kwa kichwa, wanasema mafuta hayo, yanashuka. Kanisani anaingia na chupa ya maji. Sasa anasema maandishi ya simu yanakuwa na ukungu mbele ya macho yake. Nalo umemwambia ni sumu inatoka?

Wewe Baba alipoanza kuugua ulikuwa bado mdogo, ulikuwa unakaa kwa mama mdogo kule Mbulu. Mimi ndiye niliyekuwa namchotea maji. Alikunywa hivi hivi. Alikonda hivi hivi, na majirani wakamsifu kwamba ameacha pombe ndiyo maana amekuwa mwepesi kama kijana. Tulifurahi nasi. Tulipomfikisha hospitali ikawa ni sukari, imepanda vibaya, na mguu ule haukuokoleka. Mengine unayajua.

Naogopa, Laurencia. Sina namna nyingine ya kukuambia.

Nimembembeleza twende akapimwe, ni tone tu la damu kwenye kidole. Amekataa. Anasema watamlaza, watamkataza chai, atanenepa kabla ya sherehe. Nilificha sukari, akatuma dukani akaletewa nyingine. Hilary ameongea mpaka amechoka. Mimi hanisikilizi kwa sababu nina wivu, si ndivyo mlivyokubaliana? Neno lake ni moja: "Laurencia ndiye anayeijua dawa yake. Akiniambia niende, nitaenda."

Sijui kama unaiuza hii chai kwa kuiamini au kwa faida. Nimekutilia shaka na bado nakutilia, na siku tukionana tutalizungumza hilo kwa sauti. Leo nataka umpigie simu. Mwambie chai haiwezi kumkondesha hivyo. Mwambie ile kiu si dawa, ni ugonjwa, na usimwachie nafasi ya kusema baada ya sherehe. Atalia, nakuambia mapema. Hajawahi kufurahi kama siku hizi. Anajitazama kwenye kioo cha fundi, anageuka huku na huku, anadhani mwili ule ni zawadi yako. Hiyo furaha mnyang'anye.

Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini. Hilary anakusalimu. Sofia naye anakusalimu sana shangazi yake wa Mtwara kama anavyokuita kwa utani, na yeye hajui lolote kati ya haya niliyoandika. Wabusu watoto. Mungu awafunike nyumba nzima, mlale salama na mwamke salama.

Aliyekuletea barua hii ni Benson, dereva wa lori la vitunguu, ni mtu wetu. Nimemwambia asiondoke hapo mlangoni mpaka umalize kusoma na apate kukusikia kwa masikio yake ukizungumza na Scholastika. Kwa hiyo usimkaribishe ndani kwanza wala usimtengenezee chai. Piga simu. Mimi nimehamia kwa Scholastika, nguo zake nimeshazitia kwenye begi, na hapa naandika nikimsikia anachota maji.

Dada yako, anayekupenda hata anapokushuku,
Blandina