Lugha Isiyo na Harusi

Arua,
Jumanne mchana

Mama Paskalia,

Naanza kwa kukusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa, kama mtu aliyekutwa na kosa. Hujambo? Mguu umepoa? Na binti yetu je, ameshaanza kulia kila akiitwa bibi harusi? Mimi ni mzima, ila vidole vinaniuma, na roho zaidi.

Barua yako niliipata. Umeniuliza jambo moja tu: nitafika Tabora kumkabidhi mwanangu kanisani Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, au kaka yangu Kamilo asimame mahali pangu? Kabla sijajibu, acha nikueleze kinachonishika huku, maana ukikisikia kwa mwingine utadhani nimepata mke mdogo. Afadhali ningempata. Mke mdogo huchoka.

Unakumbuka nililetwa kupanga herufi kwenye mtambo wa chapa wa misheni, miaka miwili basi. Huu ni wa tano. Mtambo ulishakufa, sasa mimi ndiye macho na mdomo wa Padri Anselmo, Mtaliano wetu mzee mwenye mtoto wa jicho. Na Padri anatunga lugha. Ndiyo, umesoma sawasawa. Wenzake wakistaafu hufuga kuku.

Wazo lake ni hili. Wanubi wa Koboko na wa hapa Arua, mababu zao walikuwa askari waliotoka Sudan na Kiarabu chao, wakaoa huku, na Kiarabu kile kikageuka Kinubi. Basi Padri anauliza: kama askari wa Roma ya kale wangepanda Mto Naili na Kilatini chao mpaka Koboko, wakabaki, wajukuu wao leo wangesemaje? Swali zuri, ukiulizwa mara moja. Mimi naulizwa tangu Krismasi ya mwaka juzi.

Chukua maji. Kwa Kilatini ni *aqua*. Jumatatu Padri anaamua askari wetu wangesema *ava*. Napiga taipu kurasa sitini, na kaboni chini yake. Jumatano anaamka: "Hapana, Augustino, *v* ni laini mno kwa watu wanaotembea kwa miguu. *Aba!*" Napiga upya. Ijumaa anazikata nomino, jinsi tatu za Kilatini, ya kiume, ya kike na ya kati, zinakuwa mbili. Jumamosi zinarudi tatu, kwa sababu ile ya tatu ameionea huruma. Huruma ya vidole vyangu haijamjia.

Lakini hapa lazima nitubu. Lori la misheni la mwezi uliopita, lile linalofuatana na msafara mpaka Kampala, lilinikuta nimeshafunga sanduku. Nikaenda kumuaga Padri, nikamkuta bado anahangaika na maji yake, na mdomo wangu huu, sijui nani aliutuma, ukasema: "Padri, hao askari wangeoa Wakakwa na Walugbara wa huku. Watoto wangeisikia *gb* kwa mama zao kabla hawajaota meno. Wangesema *agba*."

Aliinuka akanibusu shavu hili na hili. Basi *lingua*, yaani lugha, ikawa *lingba*, na hilo ndilo likawa jina la lugha yenyewe. Kurasa zote sitini upya! Nikasema nianze ya kwanza tu. Lori likapiga honi. Nikasikia, nikasema nimalize mstari. Mama Paskalia, siwezi kumsingizia Padri. Lori nililikosa mwenyewe, na nilikuwa na furaha.

Lori jingine linaondoka keshokutwa. Leo asubuhi nikamwendea.

"Padri, naomba barua ya ruhusa. Namwoza binti yangu."

"Baada ya sura ya vitenzi, Augustino."

"Padri, sura ya vitenzi haina baada!"

Barazani alikuwepo Mama Zainabu, mjane wa Kinubi kutoka Koboko anayetuuzia karanga za kukaanga, sinia mapajani. Akadakia: "Padri, huyu bwana Tabora iko na shida gani?"

"Anataka kwenda harusini."

"Na kwa lugha yako, harusi naitwa nini?"

Nikapekua karatasi. Maneno mia tisa! Ngao, daraja, sheria, kodi, nyota ya alfajiri. Harusi hakuna. Mkwe hakuna. Mahari hakuna.

Mama Zainabu alicheka mpaka sinia likacheza. "Sasa hii askari yako ilizaa na nani? Na mkuki? Babu yetu ilikuja na vita, sawa, lakini Kinubi ni mama zetu walipika. Wewe padri unapika bila mwanamke. Hii haiwezi kuiva."

Padri aligeuza uso kuifuata sauti yake. Nikajua nimekwisha. Kumbe alisema, polepole: "Andika hiyo ruhusa, nitie sahihi."

Niliandika mbio kabla hajaota kitu kingine, nikamshika kidole nikakiweka mahali pa kutia sahihi. Akaongeza: "Utakwenda na daftari. Nani anamwambia nani nini, nani analia, nani analalamikia chakula, andika vyote. Ukirudi tutavitafutia maneno." Kwa hiyo, rasmi, siji harusini, natumwa kikazi.

Nilimuuliza Mama Zainabu nani atakuwa na Padri nikiondoka. "Mimi nitakuja kugombana na yeye kila asubuhi," akasema. Padri alitabasamu.

Barua hii inatangulia na dereva wa lori la tumbaku anayeondoka leo. Mimi nafuata Alhamisi, kisha meli ya Mwanza, kisha treni. Nisalimie mama mkwe, na umwambie bado namwogopa. Msalimie mdogo wako fundi cherehani, na shangazi anayeongoza kwaya. Huyo kijana anayemchukua mwanangu, mwambie naja kumtazama vizuri.

Daftari la Padri nimemwachia Mama Zainabu afungie karanga. Siku hiyo nataka mikono mitupu, nimshike binti yangu.

Ni mimi mumeo, mkaidi lakini njiani,
Augustino