Kibuyu Kilichomwaibisha Bwana Lishe

Mama yangu,

Kuanzia ukingo wa kreta mpaka Engaresero hajazaliwa kijana mwenye akili kama mimi, na anayebisha aje Karatu nimfundishe. Juzi nimemwangusha mtu mwenye shahada mbili, tai na gari jeupe, na sikunyanyua hata fimbo. Nilinyanyua kibuyu chako.

Lakini kwanza salamu: takwenya, Yeyo. Najua umeitika "iko" hapo ulipokaa, na Naipanoi anayekusomea ameitika pia ingawa sijamsalimia. Naipanoi, soma kilichoandikwa, usitie chumvi yako. Wewe uko kidato cha nne, sawa, ila mwandishi hapa ni mimi niliyeishia cha pili. Mama, mguu unaendeleaje? Huko Olbalbal bwawa bado lina maji, au mmeshaanza kutembeza ng'ombe mbali? Namelok anakamulika? Mimi ni mzima, nimenenepa shingo, na wasichana wa sokoni wananiita bosi. Haya, ni mmoja tu anayeniita. Anatosha.

Sasa kaa vizuri. Unamkumbuka Bwana Lishe. Utamsahauje? Muhula uliopita yule afisa wa kampuni ya maziwa alikuja shuleni kwetu, akagawa kofia na penseli, akaiambia kamati kwamba chakula cha shule cha kisasa kinataka maziwa ya pakiti yenye muhuri. Nyinyi akina mama mlikuwa mmepeleka maziwa ya uji wa watoto kama kila siku, yamechemshwa vizuri vile bwana mifugo alivyowafundisha. Akachukua kibuyu chako, akanusa, akasema, "Huu moshi ni uchafu." Akayamwaga chini. Maziwa, mama! Chini, mbele ya watoto, na watoto wakacheka. Tangu siku hiyo gari la pakiti limefika mara mbili, mvua ikanyesha, likakwama, na watoto wanakunywa uji wa maji matupu.

Ulinuna uliposikia nimeajiriwa kupakia kreti kwenye stoo ya kampuni ileile. Ulimtuma mjomba aniulize kama sina aibu. Nikamjibu: anayetaka kumng'oa kupe lazima ashike ngozi aliyokalia. Miezi yote hiyo nimembebea Bwana Lishe mkoba, nimemfungulia geti, nimemwitikia "ndiyo bosi," na kila "ndiyo" nilikuwa naihifadhi kama mtu anayekusanya mawe.

Ndipo ikatangazwa semina ya lishe hapa Karatu. Walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule waalikwe, wa huku na wa upande wetu wa Ngorongoro, wote washawishiwe kuchukua pakiti. Ndiyo sababu nilikuagiza kibuyu kilichojaa maziwa. Nilipokipokea kwa binamu Lemayian nilikibusu. Na ukakumbuka kufunga na kijiti cha mti wa oloirien cha kufukizia kibuyu! Wewe ndiye mama.

Siku ya semina mimi nilikuwa mgawa vikombe, nimevaa fulana ya kampuni, mpole kama ndama. Watoto wa shule ya jirani wakaimba wimbo wa maziwa. Bwana Lishe akasema saa nzima: protini, kalsiamu, mifupa, taifa la kesho. Mengine ya kweli, simnyimi. Kisha akafika palepale: "Ndugu wajumbe, mtoto wa mfugaji anakunywa uchafu kutoka kwenye kibuyu, halafu tunashangaa amedumaa. Kuna swali?"

"Ninalo mimi," nikasema, na trei mkononi.

"Wewe gawa vikombe."

"Nagawa, bosi. Ila vingine navigawa kutoka humu." Nikakitoa kibuyu chini ya meza.

Ukumbi ukalipuka. Mwalimu mkuu wetu akainuka, akanitambua. "Huyu si Loserian? Aliyetoroka mtihani?" Nikamwambia, "Ndiye, mwalimu. Leo nimekuja kuufanya."

Nikaomba jambo moja: vikombe viwili, kimoja cha pakiti, kimoja cha kibuyu, watoto wa kwaya waonje bila kuambiwa kipi ni kipi. Bwana Lishe akacheka, akakubali, maana alijiamini. Wakapita kumi na wawili. Kumi wakashika kikombe cha kibuyu. Mmoja, pengo mbele, akasema, "Haya yananukia kwa bibi." Na akaomba tena!

Mama mmoja mjumbe kutoka Sale akapaza sauti: "Na yeye aonje! Mwenye mdomo wa kutukana aonje!"

Wote wakashangilia, ikabidi anywe. Akakunja uso, akasema kwenye kipaza sauti, neno kwa neno: "Ukiondoa moshi, haya maziwa yenyewe ni mabovu. Mepesi. Ya ng'ombe mgonjwa. Mimi singempa hata paka."

Hapo, mama, nilikuwa na neno moja kwenye ulimi, tamu kuliko asali, lingemmaliza mtu yule asirudi tena Karatu. Nikalimeza. Sababu utaiona.

Mwalimu mkuu wetu akasema mbele ya wote, "Watoto wameamua. Shule ikifunguliwa, akina mama warudishe maziwa, yachemshwe, nitayapokea mwenyewe. Lakini siku ya kwanza nitaonja. Yasipokuwa kama haya ya leo, tunarudi kwenye pakiti na msinilaumu."

Bwana Lishe alitoka kwa mlango wa jikoni. Nikamkimbilia na mkoba wake: "Bosi, umesahau. Na moshi kidogo umekuingia kwenye tai." Nilifukuzwa kazi kabla ya chai. Wala isikusumbue. Kijana mwenye jina kama langu hakosi kazi, nimeshaanza kuosha magari ya watalii.

Mwambie baba ile fimbo yake bado ninayo. Mama mdogo Nolari mwambie namdai shuka. Mjomba aliyeniuliza kuhusu aibu msomeeni barua hii mara mbili, polepole. Lemayian mwambieni asante kwa kukileta kibuyu salama.

Salama, ndiyo. Aliyekosea si yeye.

Mama, nilipokipokea nilitaka Karatu yote ikione. Nikakifunga nyuma ya bodaboda ya rafiki yangu, tukazunguka sokoni, tukapanda mpaka geti la hifadhi, tukarudi kwenye makorongo, napiga mluzi. Mimi, niliyelelewa kwenye boma, niliyekutazama miaka yote ukitikisa kibuyu mapajani mwako. Asubuhi ya semina nikakifungua. Siagi, mama. Siagi na maji yake.

Nikakiosha, nikakifukiza na kijiti chako, nikamimina pakiti nne zilizobonyea, zile tunazoachiwa sisi wapakiaji. Watoto walichagua maziwa ya kampuni. Bwana Lishe alitukana maziwa yake mwenyewe, na kama ningemwambia hivyo, neno lile nililolimeza, nyinyi pia mngeshindwa palepale pamoja naye.

Kwa hiyo mwalimu mkuu atakapoonja, ulimi wake utakuwa unakumbuka pakiti. Fukiza kibuyu sana, na mwambie akina mama wenzako wafanye hivyohivyo. Yako ni matamu zaidi, nakuapia, ila naapa kwa kukisia. Najua ndama wa Namelok alinyimwa siku ile ili kibuyu kijae. Na katika ukumbi ule mzima hakuna aliyeyaonja maziwa yako, hata tone.

Siagi niliila na mkate, peke yangu, nimesimama stoo. Ilikuwa nzuri. Nililia kidogo.

Mwanao,
Loserian