Picha ya Bonde Lenye Ukungu

Mdogo wangu mpendwa,

Sisi tu wazima, cherehani yangu imepona, na tiketi zako za jumba la sanaa kule mlimani tumezitumia. Wajua tangu tumzike binti yetu shemeji yako hanisemeshi. Akiniitikia, ni kwa kichwa.

Waliojenga jumba lile hawakuuvunja mlima. Wamejipenyeza pembeni kama wageni wenye adabu. Mwamba umekaa katikati ya ukumbi, na dari imetobolewa ili mti upite. Nikasimama mbele ya picha kubwa ya bonde lenye ukungu. Nikamsifu mchoraji kwa sauti, nikainama kutafuta jina lake. Mara ndege akakatiza.

"Bibi wewe," shemeji yako akasema, "hilo ni dirisha!"

Akacheka mpaka mlinzi akatusogelea. Njia nzima ya kurudi akawa ananisuta: "Tundu la sindano unaliona, dirisha zima hulioni!"

Mungu akulipe, mdogo wangu. Mimi bado nashikilia kwamba ile ni picha. Kila asubuhi ananibishia mpaka chai inapoa. Nikikubali ni dirisha, tutazungumza nini?

Ni mimi dada yako, mbishi kwa hiari.